Sentensi Niliyoisema Kabla ya Filamu ya Wani

Mama Rehema aliponiomba niseme sentensi moja tu mbele ya watu, nilipaswa kukataa. Nafasi ya kukataa nilikuwa nayo, sababu nilikuwa nayo, hata maneno ya kukatalia yalikuwa mdomoni. Nilikubali.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, nyuma ya kibanda chake cha video hapa Arua. Yeye alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, mimi nakunywa chai. Jumamosi yake tulikuwa na safari ya Koboko, nikashindane kutafsiri filamu na Wani, mwalimu wangu.

"Ukimaliza filamu yako," akasema, "kabla Wani hajashika maikrofoni, waambie watu mwisho wa filamu yake. Sentensi moja. Halafu kaa."

"Mama, hiyo haifanywi."

"Haifanywi na nani? Iko sheria? Nionyeshe."

"Sheria hakuna. Haifanywi tu."

"Basi. Si matusi, si uongo. Iko kweli ya ndani ya filamu yenyewe." Akaokota kijiwe kwenye maharagwe, akakitupa. "Ama unataka kuwa mwanafunzi wa Wani mpaka uzikwe?"

Hapo ndipo aliponipata. Hakunitisha wala hakusema atanifukuza. Nilisema sawa, kisha nikaomba sukari. Sukari naikumbuka kwa sababu baadaye nilijaribu mara nyingi kujiambia kwamba nililazimishwa, na mtu aliyelazimishwa haombi sukari.

Ninyi vijana mnaotafsiri filamu siku hizi mmekuja kwangu mara tatu mkitaka niwaandikie mambo ya kazi. Mnajifungia chumbani na kompyuta, mnarekodi sauti, mkikosea mnafuta na kusema upya, kisha mnaituma kwa simu mpaka Juba. Sisi hatukuwa na kufuta. Tulikaa kando ya televisheni, mbele ya watu mia na zaidi kwenye mabenchi, tukaitafsiri filamu kwa mdomo huku inakwenda. Neno likitoka limetoka. Nilifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, Kiswahili na Kilugbara, Kiingereza nikiwa nimekipata shule ya misheni ya Ediofe mpaka kidato cha nne. Nitaandika ninavyokumbuka, bila kufuata mwaka.

Nianze na Wani, maana bila yeye nisingekuwa na la kuandika.

Wani alikuwa Mkakwa wa Koboko, mkubwa kwangu kwa miaka kumi na miwili. Kiswahili chake alikipata ukimbizini Kongo, kwa hiyo kilikuwa na "mutu" na "iko" kila mahali, na hakuona haya. Alikuwa mwembamba mwenye sauti nzito, kama amemeza mtu mnene. Alianza kazi wakati wa mikanda. Siku moja mkanda ulikwama ndani ya mashine, picha ikapotea, na fundi akachukua robo saa kuutoa kwa bisibisi. Wani hakunyamaza. Aliendelea kusimulia gizani, mtu anafukuzwa, mlango unafungwa, mwanamke analia, na picha iliporudi ilimkuta palepale alipokuwa amefika. Mzee mmoja akanung'unika, "Zimeni tena hiyo picha. Ya Wani ilikuwa nzuri kuliko hii."

Nilikuwa nimekaa benchi la tatu siku hiyo. Kesho yake nilimfuata nikamwomba anifundishe.

"Wewe umesoma," akaniambia. "Kiingereza unajua. Sasa unataka nini kwangu?"

"Nataka kujua wakati wa kunyamaza."

Akacheka mpaka akakohoa. "Huyu kijana iko na akili kidogo. Kaa."

Mwaka wangu wa kwanza niliua filamu nzima kwa kikohozi. Ilikuwa ya daktari mpole anayemtibu mgonjwa mwoga, na mwisho unagundua kwamba daktari ndiye anayemtia mgonjwa wazimu. Mimi nilikwishaitazama, nikajua daktari ni mbaya. Basi tangu alipotokea nikampa sauti ya shetani, ya kukwaruza, na kila baada ya maneno machache anakohoa, "Ehee, karibu mgonjwa wangu." Dakika ya kumi mtu akapiga kelele nyuma: "Daktari iko mwuaji! Twende nyumbani!" Na wengine wakaenda kweli.

Wani aliningoja mlangoni. "Umeua sinema na kikohozi," akasema. "Mutu mbaya mpe sauti ya mjomba wako unayempenda. Hata wewe mwenyewe usahau kama iko mbaya. Ukifika mwisho, utashangaa pamoja na watu."

Shikeni hilo. Bado nasikia wengi wenu mkimpa mwuaji sauti ya fisi tangu mwanzo, na mnajisifu kwamba mnaigiza.

Mvua nayo ina mafunzo yake. Vibanda vyetu viliezekwa kwa mabati, na mvua ya Arua ikianza kupiga huwezi kushindana nayo kwa kupaza sauti. Tafsiri mwisho wa kila sentensi tu, uiache mvua ichukue mwanzo. "Nimekuwa nikikusubiri kwa muda mrefu kwa sababu nakuchukia" inakuwa "Nakuchukia!" Watu watajaza wenyewe, na mara nyingi watajaza vizuri kuliko wewe.

Sasa mashindano.

Kila mwaka, Januari mpaka Machi, huko ng'ambo hugawa tuzo za filamu. Sisi habari zilitufikia kwa redio, baadaye kwa simu: filamu gani zimetajwa, nani analia jukwaani. Kibanda cha Mama Rehema hapa Arua na kibanda cha Koboko alimotafsiri Wani vilikubaliana kufanya msimu wao. Filamu mbili, watafsiri wawili, watu wapige kura. Wenzetu walikuwa na zulia jekundu, sisi turubai la bluu. Mwaka mmoja tulikutana Arua, mwaka mwingine Koboko.

Na filamu zilikuwa za aina moja tu, zile zinazocheza na akili ya mtazamaji, ambamo huna hakika nani mzima na nani mgonjwa. Watu wa Koboko waliziita sinema ya kichwa. Wani ndiye aliyezichagua. Alisema filamu ya vita hata mlevi anaweza kuitafsiri, kwa sababu bunduki zinajisemea. Katika sinema ya kichwa, mtazamaji anamtegemea mtafsiri kama kipofu anavyomtegemea anayemshika mkono.

Kura zilitupa tabu. Msimu wa kwanza tulimpa kila mtazamaji punje moja ya karanga aitie kwenye kopo la filamu aliyoipenda. Tulipofungua makopo tulikuta karanga kumi na moja kwa yote mawili, na maganda sakafuni nyumba nzima. Mama Rehema akashika kiuno. "Wamekula uchaguzi," akasema. Msimu uliofuata tukahamia vizibo vya soda.

Kutoka kwa Wani nilijifunza kulinganisha filamu. Alikuwa na kipimo kimoja. "Tazama mara ya pili," alisema. "Sinema nzuri ya kichwa, mara ya pili unaona wewe ndiye ulikuwa mjinga. Kila kitu walikuonyesha, wewe hukutazama. Ile mbaya, mara ya pili unaona aliyeitengeneza ndiye mjinga. Alificha kitu mfukoni, mwisho akakitoa, akasema, 'Haya, shangaa!'"

Nimesoma maelezo mengi ya filamu tangu wakati huo, ya watu waliosoma kuliko sisi. Sijaona kipimo kinachokizidi hicho.

Watazamaji nao walikuwa na vipimo vyao. Koboko walikaa wakimbizi wengi wa Sudan Kusini, na akina mama wao walikuja Jumamosi baada ya soko. Mara moja tulionyesha filamu ya mwanamke aliyekaa peke yake kwenye jumba kubwa akimshuku mumewe kwamba anamtilia dawa kwenye maziwa. Katikati ya hofu yote mama mmoja akasimama. "Mimi iko swali. Huyu mwanamke watu wake wako wapi? Hana wifi? Hana jirani wa kumwonjesha maziwa?"

Ukumbi mzima ukamwunga mkono, na hofu ikafa. Mimi ningeshindwa. Wani, aliyekuwa na maikrofoni, akaongeza sentensi kinywani mwa mwanamke wa filamu: "Ndugu zangu wote walikataa ndoa hii, na mimi niliwatukana wote." Yule mama akakaa. "Aa, basi. Huyo amekwisha," akasema, na hofu ikarudi mara mbili.

Kwenye filamu hapakuwa na maneno hayo. Niliwahi kubishana na Wani kuhusu nyongeza zake. Alinijibu kwamba watu wa ng'ambo wanajua upweke bila kuambiwa, lakini watu wetu ni lazima waonyeshwe upweke huo umeingilia mlango gani.

Mwaka mmoja kabla ya Jumamosi ninayoizungumzia, nilimkuta Koboko asubuhi akiwa peke yake kibandani na filamu inakwenda. Pua yake ilikuwa shibiri moja kutoka kwenye kioo cha televisheni. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya paja, vidole vinapiga polepole, anahesabu. Kila muziki ulipobadilika alikunja kidole. Nilisimama nyuma yake.

"Usinitazame namna hiyo," akasema bila kugeuka. "Macho iko nakwenda."

"Tangu lini?"

"Moja imekwisha kwenda. Ya pili nafuata mwenzake." Akazima mashine. "Sinema natazama mara kumi, karibu hivi, mpaka inakaa kichwani. Mbele ya watu nafuata masikio. Mlango, viatu, gari, muziki. Mpaka leo hakuna mutu amejua."

"Daktari anasemaje?"

"Daktari anasema nilichelewa. Wewe usimwambie mutu, Anguyo. Wakijua, watakuja kunitazama mimi, hawatatazama sinema."

Nikamwambia sitasema. Na ahadi hiyo, kwa maneno yake, sikuivunja. Mtaona jinsi mtu anavyoweza kuyatunza maneno ya ahadi na kuiharibu ahadi yenyewe.

Msimu uliofuata redio moja ya Arua ilitaka kipindi cha filamu kwa Kiswahili. Mtu mmoja, saa moja kila wiki, akilinganisha filamu zilizotajwa kwenye tuzo na kupokea simu za wasikilizaji. Msimamizi wa vipindi alikuja kututazama mara moja, kisha akasema atakuja Koboko siku ya mashindano, na atakayechaguliwa na watu ndiye atakayemchukua.

Mimi nilikitaka kipindi hicho. Wani alikihitaji. Tulipokuwa tunatembea kutoka kibandani kwake kwenda kula, alinishika bega, si kwa upendo tu, nilijua, bali kwa sababu ya mashimo ya njia. "Redioni hakuna mutu anakuuliza umeona nini," akasema. "Wanauliza unasema nini. Hapo ninaweza kukaa mpaka meno yaishe. Hapa kibandani imebaki mwaka mmoja, pengine nusu."

Kwa hiyo nilijua. Mama Rehema hakujua habari ya macho. Yeye aliona kibanda chake kinapungua watu kwa sababu ya simu, akataka sauti ya redioni iwe ya kibanda chake. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kila kitu nilipoomba sukari.

Mwisho wa filamu ya Wani niliujua kwa sababu ya desturi yetu. Kabla ya mashindano, watafsiri wawili walitazama filamu zote mbili pamoja, ili mmoja asije akalalamika kwamba mwenzake kapewa iliyo rahisi. Baada ya hapo kila mmoja alikuwa ameachiwa funguo za nyumba ya mwenziwe. Katika miaka yote hakuna aliyezitumia.

Filamu yangu ilikuwa ya mwanamke anayepokea barua za vitisho zilizoandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe. Filamu ya Wani ilikuwa ya jaji mstaafu, mzee anayeuguzwa nyumbani na muuguzi mkimya. Kila siku mzee anasikia hatua za binti yake juu ya dari, binti ambaye yeye mwenyewe, akiwa jaji, alimhukumu kifungo miaka mingi nyuma, kisha akaambiwa kwamba alifia gerezani. Mwisho kabisa unajua kwamba binti hakufa. Muuguzi ndiye binti. Amemlisha baba yake kwa kijiko mwaka mzima, akingoja atambuliwe, na mzee hamtambui.

Tulipomaliza kuzitazama, Wani alizima mashine. "Yako iko na hila," akasema. "Yangu iko na huzuni. Hila watu wanapiga makofi. Huzuni wanapiga kura."

Alikuwa sahihi, nami nilijua kwamba yuko sahihi. Niliirudia ya jaji kichwani, na kwa kipimo chake ilipita: muuguzi hakuwahi kuuliza chumba chochote kiko wapi katika nyumba ile. Tulionyeshwa tangu mwanzo.

Jumamosi Koboko kulikuwa na joto. Kibanda kilijaa mpaka watu wakakaa madirishani, na nailoni nyeusi ya kuzuia mwanga ikawa inafunguka kila mara. Msimamizi wa redio alikaa mbele na daftari lake. Filamu yangu ilianza saa nane mchana, nikaifanya vizuri. Nasema hivyo bila kujisifu. Sikumpa mtu sauti ya fisi, nilinyamaza palipohitaji kimya, na barua ya mwisho ilipofunguliwa nikasikia benchi zima likivuta pumzi. Pengine ningeshinda bila chochote. Hilo sitalijua tena.

Watu walipopiga makofi, Wani alikuwa nje ananawa uso. Nikasimama.

"Asanteni," nikasema. "Sasa mzee wangu Wani anawaletea filamu ya jaji. Mtazameni vizuri yule muuguzi, maana ndiye binti wa jaji anayedhaniwa amekufa."

Walicheka. Walidhani ni utani. Mtu mmoja akauliza, "Kweli?" Nikasema kweli, nikakaa. Mama Rehema alikuwa anatazama kucha zake.

Wani akaingia, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti. Njia ile aliijua kwa hatua. Akaanza. Sauti ya jaji aliyoitoa siku hiyo sijaisikia tena, sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa ambaye sasa anaomba maji. Dakika chache watu walitulia. Kisha muuguzi akaingia na sinia.

"Binti huyo!" akapiga kelele mmoja.

"Mshike mkono, mzee! Mtoto wako huyo!"

"Jaji, wewe iko mjinga!"

Kila muuguzi alipotokea walipiga kelele, na katika filamu ile anatokea kila baada ya dakika mbili. Haikuwa chuki. Walifurahi, kama mtu anayejua kitendawili na kumwona mwingine akihangaika. Kwa mtafsiri mwingine ingekuwa kero tu. Angetazama picha, angengoja, angeendelea. Wani alihitaji masikio. Viatu vya muuguzi ngazini, mlango, kengele ya mzee, vyote vilizama ndani ya kelele. Niliona vidole vyake kwenye paja vikisimama, vikaanza upya, vikasimama.

Akachelewa kwa tukio moja, kisha kwa mawili. Kwenye kioo mbwa wa jirani alikuwa anabweka getini, na Wani, kwa sauti ya jaji, akasema, "Mwanangu, nilitia sahihi kwa mkono huu."

Kibanda kikapasuka.

"Mzee, hiyo iko mbwa!"

"Mbwa ametia sahihi!"

Hata msimamizi wa redio alicheka, kabla hajajizuia. Wani akageuza uso kwenye kioo, akageuka tena kwa watu, na mikono ikawa inatafuta kitu hewani, pengine chupa yake ya maji. Chupa ilikuwa mbele yake mahali ambapo kila mtu aliiona. Benchi la kwanza alikaa mama mmoja Mkongo aliyeuza vitenge sokoni. Hakupaza sauti, lakini wakati huo kicheko kilikuwa kimepungua na kila mtu alimsikia.

"Mutu huyu haoni," akasema.

Filamu iliendelea peke yake kwa Kiingereza. Wani alizima maikrofoni, akaiweka chini taratibu, akainuka na kutoka akipitisha kiganja chake ukutani. Watu walimpisha.

Nilimfuata nje. Walikuwa wamekwisha kumwambia mlangoni.

"Ulisema?" akaniuliza.

"Nilisema."

"Nani alikutuma?"

"Mama Rehema."

"Mdomo ulikuwa wa nani?"

Alingoja kidogo, kwa kuwa alikuwa mtu wa kumpa mwenzake nafasi, kisha akamwita jirani yake kwa jina ili amshike mkono ampeleke nyumbani. Mkono wangu ulikuwa karibu zaidi.

Vizibo vilihesabiwa, nikashinda. Msimamizi akaniambia nije Jumatatu.

Mmeniuliza kuhusu kipindi cha redio, kwa hiyo nitakisema. Kilidumu misimu mitatu. Sauti yangu ilikuwa nzuri, Kiswahili changu safi kuliko cha Wani, na sikuwa na la kusema. Nilieleza filamu hii imeshinda tuzo gani na ile imeshindwa kwa nini, nikitumia kipimo cha Wani bila kumtaja. Wasikilizaji waliopiga simu walikubaliana nami. Sikuwa nimezoea kukubaliwa. Miaka yote nilikuwa nikisema neno na Wani anasema, "Hapana, wewe hukutazama vizuri," na katika ubishi ule ndimo nilimokuwa nikizielewa filamu. Msimu wa tatu ulipokwisha redio ikaweka muziki mahali pangu. Hakuna aliyepiga simu kuuliza.

Mama Rehema alifunga kibanda, siku hizi ni stoo ya saruji. Simlaumu. Aliomba, na kila mtu anaruhusiwa kuomba.

Wani hakutafsiri tena. Alirudi kwenye ardhi yao Kuluba na mkewe Poni, wakalima muhogo. Nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilimkuta Poni uani akianika muhogo. Akanisalimu vizuri, akaniambia mzee amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi na nilimsikia Wani ndani akizungumza na mtu na kucheka. Nikamshukuru Poni, nikaondoka.

Mara ya pili ilikuwa mwaka mmoja baadaye. Wani alikuwa amekaa nje, jicho la pili limekwisha kabisa. Nilimsalimu akanitambua kwa sauti. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha njia nzima, na niliyasema yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama kidogo, kama alivyosikiliza filamu. Kisha akageuza uso mlangoni.

"Poni," akaita, "mpe mgeni maji."

Alikuwa ameniita mwanafunzi, mjinga, mtoto wa misheni, ndugu yangu. Mgeni hakuwahi kuniita. Nikanywa maji. Tukazungumza juu ya mvua na bei ya muhogo Koboko, naye akanijibu kwa adabu yote anayopewa mgeni. Nilipoaga hakunizuia.

Mwaka juzi, katikati ya msimu wa tuzo, nilikuwa soko la Arua nanunua samaki wakavu. Mwanamke aliyekuwa ananipimia akasimama ghafla.

"Sauti hii naijua. Wewe ulikuwa vijei, mtafsiri wa filamu, kule Koboko."

"Nilikuwa."

"Pole sana kwa mzee Wani."

"Pole ya nini?"

Akanitazama. "Hukuwepo? Tulimzika wiki iliyopita, Kuluba. Watafsiri wote walikuja, mpaka wa kutoka Yei. Walishika maikrofoni mmoja mmoja wakamwigiza. Watu walicheka wanalia." Akaanza tena kufunga samaki. "Nilifikiri na wewe ulikuwepo, nyuma huko."

Namba yangu ya simu haijabadilika tangu wakati wa kibanda. Watafsiri wale wote wanayo. Hakuna aliyenipigia, na sikuwauliza sababu.

Nimewaandikia mambo ya sauti, ya mvua na ya kulinganisha filamu, na yote ni kweli, yatumieni. Na hili pia ni kweli. Kwa sentensi ile Wani alipoteza kazi ambayo bado alikuwa anaiweza, na nyingine ambayo angeiweza mpaka kufa. Mimi nilimpoteza mwalimu wangu miaka saba kabla hajafa, na alipokufa sikuwa miongoni mwa watu wanaopaswa kuambiwa.